Baridi yabisi na chakula: hii orodha ya "marufuku" inayozunguka imetoka wapi?

#1 MezaYaLishe
Salaam wanajukwaa.

Kuna orodha inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, ya vyakula ambavyo mwenye baridi yabisi eti asiviguse: nyama nyekundu, maini, maharage, dengu, dagaa, mchicha, uyoga, mayai, nyanya, machungwa, maziwa. Mtu akiifuata yote anabaki na ugali na chai ya rangi.

Dai langu ni hili: sehemu kubwa ya orodha hiyo ni ya ugonjwa mwingine, gauti, ambao wengine huuita jongo. Gauti huletwa na asidi ya yuriki iliyozidi kwenye damu mpaka ikaganda kuwa fuwele kali kama sindano ndani ya kiungo. Mara nyingi huanzia dole gumba la mguu, usiku mmoja tu, kiungo kinawaka moto. Nyama, maini, dagaa na bia vina purini, na purini ikivunjwa inakuwa asidi ya yuriki, kwa hiyo katazo lina mantiki yake huko. Baridi yabisi ninayoizungumzia ni kinga ya mwili kuushambulia utando laini wa ndani ya viungo. Hupenda viungo vidogo vya vidole na viganja, mikono yote miwili pamoja, na asubuhi vidole hukaza kwa nusu saa, saa nzima au zaidi kabla havijalegea. Purini haimo kabisa kwenye habari hiyo.

Anayejua sababu ya kila kimoja kukatazwa kwenye baridi yabisi aje nayo. "Nilisikia" haitoshi, kuna watu wanakonda kwa ajili ya karatasi hii.

#2 Kipimajoto
Nakubaliana nawe, ila hata kwenye gauti yenyewe maharage na mchicha vimesingiziwa. Utafiti wa Marekani uliotoka 2004 ulifuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 12. Nyama na vyakula vya baharini viliongeza hatari ya gauti. Kunde na mboga zenye purini hazikuongeza, na maziwa yalikwenda na hatari ndogo. Kwa hiyo orodha imekosea mara mbili: imechukua ugonjwa usio wake, na hata huo haikuuelewa.

#3 KijanaWaTukuyu
Shikamooni wakubwa. Naomba msaada wa haraka. Mama ana miaka 54, baridi yabisi imethibitishwa, kipimo cha anti-CCP (kingamwili za ugonjwa huu kwenye damu) kilisoma juu. Anameza methotreksati 15 mg kwa wiki na prednisoloni 5 mg kila siku. Jirani alimpa orodha kama hiyo, akaacha maharage, dagaa, mayai na maziwa. Kwa miezi minne ametoka kilo 61 hadi 54. Viungo vinauma vilevile. Arudishe nini kwanza?

#4 DirishaLaDawa
Marahaba. Kabla ya sufuria tuangalie dawa, kwa sababu kosa la dawa ndilo linaloua.

Methotreksati ni siku MOJA kwa wiki. Mchagulieni siku, iandikwe kwenye pakiti kwa kalamu nene, na kila mtu nyumbani aijue. Kuna watu wamekufa duniani kwa kuimeza kila siku kama dawa nyingine. Uboho hushindwa kutengeneza damu, mdomo hujaa vidonda. Foliki asidi 5 mg mara moja kwa wiki, siku tofauti na ya methotreksati, isipokuwa daktari wake amepanga vingine. Angalieni kidonge chenyewe: vile vya madini ya chuma vilivyochanganywa na foliki, wanavyopewa wajawazito, vina mikrogramu 400 tu au pungufu. Ili afike 5 mg angehitaji zaidi ya 12, na hapo atakuwa amemeza chuma cha kumdhuru.

Akiugua kifua au mkojo asipewe Septrin. Ndani yake mna trimethoprimu, nayo hupigana na foliki kama methotreksati ifanyavyo. Zikikutana damu inaweza kuporomoka. Dawa ya SP ya malaria iko kwenye ukoo huohuo. Kila akifika dukani aseme, "Natumia methotreksati."

Na kilo saba kwa miezi minne msizitupie orodha peke yake. Aonekane na daktari, apimwe na kifua kikuu, maana dawa hizi zinashusha kinga.

#5 KijanaWaTukuyu
Nimeangalia: ni vile vyekundu vya wajawazito, na anameza kimoja kila siku. Asante sana, naenda kuulizia. Mchicha je? Jirani anasema una foliki nyingi, unaua nguvu ya methotreksati.

#6 DirishaLaDawa
Hapana. Foliki ya mboga haizimi methotreksati kwenye baridi yabisi. Kama foliki ingekuwa adui, tusingempa kidonge cha 5 mg. Ale mchicha, matembele, kisamvu, majani ya kunde.

#7 MezaYaLishe
Kijana, kuhusu cha kurudisha: vyote vinne, tena leo. Ugonjwa huu hula misuli hata mtu akiwa anakula. Kemikali za uvimbe hufanya misuli ivunjwe haraka kuliko inavyojengwa, na prednisoloni inaongeza mkono. Unaweza kukuta mtu mizani inasoma sawasawa, kumbe misuli imekwenda na mafuta yamechukua nafasi yake. Kwa hiyo protini ndiyo kitu cha mwisho kumnyima.

Pigeni hesabu ya gramu 1.2 kwa kila kilo. Kwa kilo 54 ni kama gramu 65 kwa siku, isipokuwa kama figo zina shida. Hapo daktari aamue. Kwa vyakula vya nyumbani:

Asubuhi uji uliopikwa na kikombe cha maziwa (gramu 8) na yai moja (6). Mchana kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva (15) na ugali wa unga wa gramu 100 hivi (8). Saa kumi kiganja cha karanga, gramu 30 (7). Usiku kipande cha samaki cha gramu 100 (20 au zaidi kidogo) na wali (4). Jumla inakaribia 70. Siku asipokuwa na samaki, dagaa wakavu gramu 30 wanatoa kama 18, na wakiliwa na mifupa yao wanampa kalisi kuliko kikombe cha maziwa. Kwa anayetumia prednisoloni kalisi si jambo dogo, dawa hiyo inanyonya mifupa.

Maharage yakimjaza gesi: loweka usiku kucha, mwaga yale maji, chemsha kwa maji mapya. Anza na nusu kikombe kwa siku tatu nne.

#8 BintiKibokoni
Jina mmelitaja mara kumi na hakuna aliyelifungua. Yabisi ni kavu. Baridi yabisi ni baridi-kavu, na hilo ni jina la tiba ya kale iliyofika pwani kwa vitabu vya Waarabu, nao waliipokea kwa Wayunani. Tabia ni nne: joto, baridi, ukavu na rutuba, yaani unyevu. Ugonjwa ukiwa wa baridi na ukavu, mgonjwa hulishwa vya moto: tangawizi, pilipili manga, mdalasini, habasoda, asali, supu ya kuku. Akaepushwa na vya baridi: tango, dafu, tikiti, maziwa ya mgando, matunda ya uchachu.

Kwa hiyo MezaYaLishe, orodha yako ina baba wawili. Nyama, maini na dagaa vimetoka kwenye gauti. Machungwa na maziwa vimetoka huku kwetu. Mtu mzima wa pwani akikwambia "hicho cha baridi" hazungumzii friji.

#9 MezaYaLishe
Ahsante sana Binti, hilo la machungwa lilikuwa linanisumbua, sikupata mahali pa kuliweka. Ila kumnyima chungwa mgonjwa wa baridi yabisi kuna hasara: vitamini C husaidia mwili kuvuta chuma cha kwenye maharage na mboga, na wengi wao wana upungufu wa damu.

#10 Kipimajoto
Upungufu wao wa damu mara nyingi si wa chakula. Uvimbe ukiwa juu, ini hutoa homoni iitwayo hepsidini inayofunga mlango wa chuma. Kimo mwilini lakini hakitoki ghalani. Unaweza kummiminia vidonge na damu isipande mpaka ugonjwa wenyewe utulizwe. Halafu feritini, kipimo cha ghala, hupandishwa na uvimbe. Ikisoma kawaida kwa mtu mwenye ESR (kipimo cha damu cha uvimbe) ya 80, haijathibitisha kuwa chuma kinatosha.

Hata hivyo chai na chakula vitenganishwe. Chai inaweza kukata zaidi ya nusu ya chuma cha mimea kinachovutwa katika mlo huo. Iwe saa moja kabla au baada.

#11 Sangara_Mkubwa
Mbona hakuna aliyetaja omega-3? Ndiyo kitu pekee cha jikoni chenye ushahidi wa maana kwenye baridi yabisi. Ale samaki kila siku, sato au sangara, basi.

#12 MezaYaLishe
Hapo kwenye sato umeteleza mkuu. Gramu 100 za sato zina kama gramu 0.1 hadi 0.2 tu za EPA na DHA, ambazo ndizo omega-3 zenye kazi. Sato ni protini nzuri, lakini si samaki wa mafuta. Sardini ya kopo ina karibu gramu 1 kwa kila gramu 100. Vibua nao ni wa mafuta. Jodari wa kopo la maji yuko chini, kama 0.2 au 0.3.

Majaribio mengi yaliyoonyesha nafuu, yaani viungo vichache vinavyouma, kukaza kwa asubuhi kupungua na dawa za maumivu kupungua, yalitumia karibu gramu 3 za EPA na DHA kwa siku, kwa wiki 12. Sasa chukua kile kidonge cha mafuta ya samaki kilichoandikwa 1000 mg. Geuza chupa usome nyuma: EPA 180, DHA 120. Jumla 300 mg. Hiyo 1000 ni uzito wa mafuta yote. Ili ufike gramu 3 unahitaji vidonge 10 kwa siku. Anayemeza kimoja kwa mwezi mmoja kisha akasema "haikunisaidia" hajajaribu kitu bado.

#13 Sangara_Mkubwa
Nimepokea, nimeshushwa mzani. Mafuta ya ini la chewa je? Kijiko kimoja kina omega zaidi ya kidonge.

#14 DirishaLaDawa
Yana vitamini A pamoja na D. Ukifukuzia gramu 3 za omega kwa mafuta ya ini utapita kiwango cha juu cha vitamini A, mikrogramu 3,000 kwa siku kwa mtu mzima, nayo ikizidi hulemea ini na mifupa. Kwa aliye kwenye methotreksati, ini tayari linafanya kazi ngumu. Kwa dozi kubwa tumieni mafuta ya mwili wa samaki. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda kama warfarini, au anayesubiri upasuaji, aulize kwanza.

#15 Kipimajoto
Niweke jambo ambalo halijasemwa. Mwongozo wa chama cha Marekani cha madaktari wa viungo wa 2022 kuhusu chakula na mazoezi kwenye baridi yabisi unashauri, kwa tahadhari, ulaji wa Mediterania: mboga, matunda, kunde, nafaka zisizokobolewa, samaki, mafuta ya zeituni. Mifumo mingine ya kula hawaishauri. Na virutubisho vya vidonge, omega ikiwamo, pia hawavishauri. Wanasema chakula kwanza.

#16 MezaYaLishe
Wamesema hivyo, na kwa tahadhari vilevile. Haina maana kwamba majaribio ya omega yamefutika.

Huo ulaji wa Mediterania jaribio lake linalotajwa sana ni la Sweden, 2003: wagonjwa 51, wiki 12. Alama ya ugonjwa ilishuka kwa waliobadilisha chakula, ingawa si kwa kiasi cha kuacha dawa. Na msiogope jina, vingi viko sokoni kwetu: kunde, choroko, mbaazi, mchicha, bamia, parachichi, karanga, vibua, dona, mtama. Kinachobaki ni mafuta.

#17 JikoLaKuni
Mafuta ndiyo kiini. Alizeti sehemu kubwa ni omega-6, na omega-6 ndiyo mwili unayotengenezea kemikali za uvimbe. Watu wamehama samli na mawese wakahamia alizeti, ndipo viungo vikaharibika.

#18 Kipimajoto
Njia hiyo ipo kwenye vitabu vya kemia ya mwili, lakini haiendi moja kwa moja. Asidi ya linoleiki ya alizeti hubadilika kuwa asidi ya arakidoniki kwa kiasi kidogo tu, na watu waliolishwa linoleiki nyingi kwenye majaribio hawakupanda alama za uvimbe kama CRP. Arakidoniki iliyo tayari imo kwenye nyama, maini na viini vya mayai. Kuna jaribio la Ujerumani la 2003, wagonjwa 68, ambapo kupunguza arakidoniki kwa kuacha nyama kulileta nafuu, na waliopewa mafuta ya samaki juu yake walipata nafuu zaidi. Kama kuna wa kulaumiwa, ni sahani ya nyama kabla ya chupa ya alizeti.

#19 JikoLaKuni
Basi orodha ya #1 ilipokataza nyama haikukosea yote!

#20 MezaYaLishe
Ilikosea sababu, na sababu ndiyo inayokwambia kiasi. Kwa gauti unapunguza sana. Kwa baridi yabisi kipande cha nyama mara mbili kwa wiki kwa mtu anayepungua kilo sitakiondoa. Mwenye kilo 95 nitamwambia vingine, maana mafuta ya mwili yenyewe hutoa kemikali za uvimbe, na wanene hupata nafuu kamili kwa shida zaidi hata kwa dawa zilezile.

Na jinsi ya kupika. Vibua ukiwazamisha kwenye mafuta ya kukaangia, mafuta yao hutoka na ya kikaangioni huingia. Wachemshe na ndimu, nyanya na kitunguu kwa dakika 12 hadi 15, mchuzi uliwe, mafuta yametokea humo. Au wachome kwa moto mdogo. Au wapike wa kupaka, kwa tui la nazi.

#21 Mwambao
Umesema nyanya. Nyanya, biringanya, hoho na viazi mviringo ni ukoo mmoja, na wengi wanaapa vinachochea viungo.

#22 Kipimajoto
Hakuna jaribio zuri lililowahi kuonyesha hivyo. Nitawapa na mfano. Jaribio la Norway la 1991, lililotoka kwenye Lancet, ndilo maarufu kuliko yote kwenye mada hii. Wagonjwa 27 walifunga siku 7 hadi 10, kisha wakala mimea tupu bila ngano kwa miezi mitatu na nusu, kisha mimea na maziwa mpaka mwaka ukaisha. Wengine 26 wakaendelea na chakula chao. Waliofunga walipata nafuu mapema, na tofauti ilikuwapo hata baada ya mwaka. Sasa kufunga kwao hakukuwa kukavu: walikunywa chai za majani, supu ya mboga, juisi ya karoti na viazisukari, na maji ya viazi mviringo vilivyochemshwa. Ukoo huohuo wa nyanya.

#23 Mwambao
Hilo sikulijua. Lakini kama kuna mtu mmoja mmoja anayechokozwa, atajuaje?

#24 Kipimajoto
Kwa utaratibu wa hao hao Wanorway, nimeongeza daftari na kubadilisha siku kidogo.

Wiki mbili za kwanza usiache chakula chochote. Kila asubuhi andika: dakika ngapi vidole vilikaza, viungo vingapi vimevimba, maumivu ni ngapi kati ya 0 na 10, na kama ukikunja ngumi ncha za vidole zinagusa kiganja. Andika na dawa ulizomeza. Ukiruka hatua hii kazi yote imeharibika, kwa sababu ugonjwa huu huja kwa mawimbi. Mtu huacha nyanya siku wimbi likiwa juu kabisa. Wiki inayofuata linashuka lenyewe, nyanya ndiyo inayopata lawama.

Kisha ondoa kile unachokishuku kwa wiki tatu. Kimoja, au kundi moja. Kisha kirudishe, kiasi cha kawaida, asubuhi. Wao walirudisha chakula kipya kila baada ya siku moja na kuangalia saa 2 hadi 48. Mimi nashauri siku tatu kabla ya kingine. Kikichochea, kiache siku 7, kirudishe mara ya pili. Kikichochea tena, hapo una sababu ya kukiacha. Kikichochea mara moja tu, huna. Na usibadilishe dozi ya dawa katikati ya jaribio, hutajua kipi kimefanya nini.

#25 UtumboMpana
Mnaizunguka maana ya jaribio la Norway. Nafuu ilitoka tumboni. Ukifunga na kula mimea, bakteria wa utumbo hubadilika. Mwaka 2013 watafiti wa New York walionyesha kuwa wagonjwa wapya wasioanza dawa walikuwa na bakteria Prevotella copri kwa wingi kuliko watu wazima wa afya. Fizi nazo: bakteria wa fizi zilizooza, Porphyromonas gingivalis, ana kimeng'enya kinachogeuza protini za mwili ziwe za aina ileile ambayo anti-CCP huishambulia. Mswaki na mtindi vina kazi kubwa kuliko hesabu zenu za omega.

#26 JikoLaKuni
Au waliacha nyama, arakidoniki ikashuka. Jibu lilelile la #18.

#27 Kipimajoto
Au walipungua uzito. Au walijua wamepewa "tiba" na wenzao hawakupewa. Huwezi kumficha mtu kuwa amefunga kula. Na kufunga kwenyewe hupunguza uvimbe kwa siku chache, lakini mtu akirudia chakula cha kawaida ugonjwa hurudi, hilo limeonekana mara nyingi. Prevotella ulikuwa uhusiano tu. Je, bakteria walileta ugonjwa, au utumbo wa mwenye uvimbe ndio unaowapenda?

#28 BintiKibokoni
Na sisi tutasema aliyefunga alipumzisha tumbo, joto la asili likarudi kwenye viungo. Mnacheka, lakini kila mmoja ana lake na jaribio ni moja.

Swali la kweli: Ramadhani je? Wagonjwa wengi wanafunga.

#29 DirishaLaDawa
Sijacheka Binti, swali lako ni la muhimu kuliko yote humu.

Huku karibu na ikweta funga ni kama saa 13 na kidogo, bila maji. Methotreksati, kwa kuwa ni mara moja kwa wiki, inamezwa baada ya futari siku yake. Prednisoloni isikatishwe ghafla hata siku moja kwa aliyeitumia kwa wiki nyingi. Tezi za juu ya figo zimelala, zinahitaji muda kuamka. Wengi huimeza kwenye daku pamoja na chakula, lakini saa ipangwe na daktari kabla ya mwezi kuandama. Hatari iko kwenye diklofenaki na ibuprofeni: mwili mkavu pamoja na dawa hizo ni mzigo kwa figo. Anayezihitaji kila siku aulize kama afunge. Kati ya futari na daku anywe maji glasi nane hivi, na futari isiwe sambusa na kaimati tupu.

#30 Mwambao
Manjano na pilipili manga je? Kila mtu anachemsha siku hizi.

#31 MezaYaLishe
Kwenye mchuzi, sawa kabisa. Kama dawa, fanya hesabu. Kijiko cha chai cha unga wa manjano ni gramu 3 hivi, na kurkumini ndani yake ni kama asilimia 3, yaani 90 mg. Majaribio hutumia dondoo la 500 mg au zaidi, na yale ya baridi yabisi ni madogo mno. Kurkumini haivutwi vizuri na utumbo. Piperini ya pilipili manga huiongeza, lakini piperini hubadilisha pia jinsi mwili unavyosaga dawa nyingine. Vidonge vikali vya manjano vimeripotiwa kudhuru ini kwa baadhi ya watu, kwa hiyo aliye kwenye methotreksati asivianze kimyakimya. Na nunueni mizizi mibichi, mkaushe na kusaga wenyewe: huko Bangladesh ilibainika wanaong'arisha mizizi mikavu waliipaka rangi yenye madini ya risasi ili ing'ae.

#32 Sangara_Mkubwa
Mlonge basi. Kalisi mara 17 ya maziwa.

#33 MezaYaLishe
Mkuu, leo unanifanyisha kazi! Hiyo 17 ni gramu 100 za unga mkavu dhidi ya gramu 100 za maziwa, ambayo mengi ni maji. Nani anakula gramu 100 za unga wa mlonge? Kijiko kikubwa kimoja, gramu 7, kina kama 140 mg. Kikombe cha maziwa kina karibu 300. Mlonge ni mboga nzuri, mpike kama mboga.

#34 DirishaLaDawa
Kibaya zaidi ni unga na vidonge vya "mitishamba ya viungo" vinavyofanya kazi ndani ya siku mbili. Mmea hauzimi baridi yabisi kwa siku mbili. Steroidi inazima. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo zaidi ya mara moja kuhusu bidhaa za viungo zilizouzwa kama za asili, ndani yake wakakuta deksamethasoni na diklofenaki visivyoandikwa. Dalili za kuangalia: uso kuvimba na kuwa mviringo, sukari kupanda, presha kupanda, ngozi kuchubuka kirahisi. Ukigundua, usikatishe ghafla. Nenda hospitali na pakiti yenyewe.

#35 UtumboMpana
Mtindi wa nyumbani nao mzuri, maziwa ya moja kwa moja kutoka kwa mfugaji.

#36 Kipimajoto
Yachemshwe kwanza, ndipo yagandishwe. Maziwa mabichi huleta brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba kwa ng'ombe, na kifua kikuu cha ng'ombe. Kwa mtu aliyeshushwa kinga ni hatari mara mbili. Tena brusela yenyewe huumiza viungo na mgongo, na homa ya kuja na kuondoka. Kuna watu wa maeneo ya mifugo wanaotibiwa baridi yabisi kumbe ni maziwa. Anayekunywa mabichi apimwe brusela kabla hajapewa dawa ya kushusha kinga.

Karanga na mahindi yenye ukungu vilevile mtupe, msichambue. Sumukuvu hupiga ini, na ini hilo ndilo linalochungwa kwa methotreksati.

#37 KijanaWaTukuyu
Nimerudi. Daktari amembadilishia foliki, 5 mg siku ya Jumatatu, methotreksati Ijumaa. Ameagiza kipimo cha ini, hesabu ya damu na kifua. Mayai na maharage ameanza. Daftari nimempigia mistari. Anauliza soda, anapenda moja kila mchana.

#38 MezaYaLishe
Hongera, mpe pole mama. Soda aiache: ufuatiliaji wa wauguzi wa kike wa Marekani uliotoka 2014 uliona waliokunywa soda ya sukari kila siku walikuwa na hatari kubwa zaidi kwa asilimia 63 ya kupata baridi yabisi ya aina yenye vipimo vya damu chanya. Huo ni uhusiano wa kuanza ugonjwa, siyo tiba ya aliyenao. Ila yeye yuko kwenye prednisoloni na sukari yake itapanda kirahisi, hiyo inatosha kuwa sababu.

#39 BintiKibokoni
Na samaki wa chumvi? Ng'onda na papa mkavu ndio tunaoweza kuweka ndani bila friji.

#40 MezaYaLishe
Prednisoloni hushika chumvi na maji mwilini, kwa hiyo ng'onda wa moja kwa moja atamvimbisha miguu na kupandisha presha. Osha, loweka usiku mzima, badilisha maji mara tatu, kisha chemsha dakika 10 na umwage maji hayo ndipo uanze mchuzi. Usitie chumvi tena, wala vidonge vya mchuzi. Papa mwache kwa siku chache za mwezi, samaki wakubwa wanaokula wenzao hubeba zebaki nyingi. Dagaa waliokaushwa juani bila chumvi hawana tatizo hilo. Waoshe mchanga tu.

#41 UtumboMpana
Sijajibiwa lile la fizi.

#42 Kipimajoto
Nakuja nalo kesho, pamoja na sigara, maana hizo mbili huwezi kuzitenganisha. Wavutaji wengi wana fizi mbovu, na sigara nayo hugeuza protini kwenye mapafu kama ulivyosema bakteria hufanya kwenye fizi. Kipi kilianza, hapo ndipo tutakapogombana.